Nani Aliyeiondoa Nuru?

Jumamosi moja ya Kwaresima, katika shule ya msingi ya misioni pale Butembo, wakatekumeni walibishana juu ya neno moja. Mwalimu wao alikuwa akiwatayarisha kwa somo la Ijumaa Kuu, yaani habari za Mtumishi wa Bwana ateswaye, katika sura ya 53 ya kitabu cha nabii Isaya. Alisoma katika Biblia ya Kiswahili ya tafsiri iliyotolewa mwaka 1952, kitabu chenye jalada lililokwisha kulegea. Alipofika mstari wa 11, mahali ambapo nabii aeleza Mtumishi huyo ataona nini baada ya taabu yake, kitabu kilitaja mazao: mazao ya taabu ile.

Kijana mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono. Alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, naye alikuwa amemsindikiza nyanya yake darasani kwa sababu ya utelezi wa njia.

"Samahani, Mwalimu," akasema. "Katika Biblia ya Kifaransa tuliyo nayo nyumbani, mahali hapo pana neno nuru."

Kisha akatoa simu yake, akawaonyesha picha ya gombo la kale la Isaya lililohifadhiwa Yeruzalemu: ngozi ya rangi ya kahawia, mistari ya Kiebrania isomwayo kutoka kuume kwenda kushoto, na pamoja nayo tafsiri ya Kiingereza. Kiingereza chake alikipata mpakani Kasindi, ambako baba yake hufanya biashara na watu wa Uganda. Nayo tafsiri hiyo ilitaja nuru.

Mzee mmoja akapiga goti lake kwa kiganja. "Basi, kati ya hao waliotuletea vitabu, yuko mwongo. Nani aliyeiondoa nuru?"

Wengine wakacheka, wengine wakakunja uso. Lakini mama mmoja mjane hakucheka. Yeye alikimbia kutoka upande wa Oicha, kwani tangu Oktoba 2014 eneo la Beni limepatwa na mauaji ya raia mara kwa mara, na mama huyo alimzika mumewe na mwanawe kwa siku moja. Akasema kwa sauti ndogo: "Mwalimu, mimi sijui Kifaransa wala Kiingereza. Niambie neno hili tu. Yule aliyeteswa, aliona nuru au hakuona?"

Mwalimu akafunga kitabu, akaomba apewe juma moja. Alifanya vema. Mtu ajibuye haraka swali la namna hiyo, ama hajalisikia, ama anataka aonekane mwenye elimu.

Swali la mzee na swali la mjane ni kama punje mbili katika ganda moja la karanga. Mzee auliza kama kitabu kilichopita katika mikono mingi kinaweza kuaminiwa. Mjane, bila ya kujua, auliza jambo gumu zaidi: vitabu vikitofautiana, je, ni halali kuchagua neno lile linalotufariji?

Tuanze na mikono hiyo mingi. Katika eneo la Beni penyewe, kule Ishango, karibu na mahali ambapo mto Semliki hutoka katika Ziwa Edward, mwaka 1950 Mbelgiji mmoja jina lake Jean de Heinzelin alichimbua mfupa mdogo wenye mikato mingi iliyopangwa kwa safu tatu. Umri wake hukadiriwa kuwa yapata miaka 20,000, nao sasa umehifadhiwa Brussels. Wako wasemao kwamba mikato ile ni hesabu, na wako wasemao kwamba ni siku za mwezi. Kila mtu aweza kuihesabu mikato hiyo, wala hakuna awezaye kuisoma. Kwa nini? Kwa sababu mtu wa Ishango aliyeikata alikufa, na wanawe wakafa, wala hakubaki mtu wa kumwambia mwenzake: mkato huu maana yake ni hii. Alama ipo, lakini mlolongo wa wasomaji umekatika.

Maandiko ya Kiebrania yangaliweza kupatwa na hali ile ile. Waebrania wa kale waliandika karibu konsonanti tupu, bila irabu. Mtu akiandika kwa Kiswahili herufi mbili tu, b na b, huenda ameandika baba, au babu, au bibi, au hata bubu. Ni nani atakayejua? Atajua yule aliyemsikia baba yake akiusoma ukurasa ule, naye baba alimsikia babu. Kwa muda wa mamia ya miaka Wayahudi waliutunza usomaji huo midomoni mwao. Hatimaye wanakili wao, hasa wale wa mji wa Tiberia kando ya Ziwa la Galilaya, kati ya karne ya 7 na ya 10, waliweka nukta na vistari juu na chini ya herufi ili irabu zisipotee. Hawakuthubutu kuzibadili herufi zenyewe. Hati ya Agano la Kale lote ya namna hiyo, iliyoandikwa Kairo karibu mwaka 1008, ingaliko katika mji wa Saint Petersburg, na wafasiri wengi wa siku hizi huifuata.

Lakini kati ya nabii Isaya na mwaka 1008 ni zaidi ya miaka 1,700. Nani angejua kilichotokea katikati?

Mwaka 1947 wachungaji Waarabu walikuta pangoni, kando ya Bahari ya Chumvi, mahali paitwapo Qumran, mitungi yenye magombo ya ngozi. Gombo mojawapo lilikuwa kitabu chote cha Isaya, lenye urefu wa zaidi ya meta 7, lililonakiliwa zaidi ya miaka 100 kabla ya kuzaliwa Bwana wetu. Magombo hayo yalipitia kwa fundi viatu mmoja Mkristu wa Betlehemu, aliyekuwa akiuza pia vitu vya kale. Fundi viatu! Yasemekana watu walidhani labda ngozi zile zitafaa kwa kazi yake. Mwaka 1954 gombo la Isaya pamoja na mengine matatu yaliuzwa Marekani kwa dola 250,000, nayo yamewekwa Yeruzalemu. Pangoni yalikuwa yamelala karibu miaka 1,900 bila jicho la mtu. Na wataalamu walipoyafungua, waliyasoma. Mlolongo wa wasomaji haukuwa umekatika. Hilo ndilo lililokosekana Ishango.

Walipolilinganisha gombo la Isaya na hati za enzi ya mwaka 1008, walikuta kwamba kitabu ni kile kile. Zipo tofauti nyingi ndogo, hasa za namna ya kuandika maneno, na chache zinazogusa maana. Wahubiri wengine huishia hapo na kushangilia. Si haki kuishia hapo. Mkatekumeni ana haki ya kujua pia kwamba wanakili walikosea, na kosa moja laonekana kwa macho katika gombo lenyewe.

Katika sura ya 40, nabii alinganisha watu na majani yanyaukayo. Maneno ya kunyauka yamo mara mbili, mstari wa 7 na wa 8. Mnakili aliyaandika mara moja tu, akayaacha yaliyo katikati; huenda jicho lake liliruka, kama linavyoruka jicho la mtoto wa shule anakilipo ubaoni. Baadaye mkono mwingine ukayaandika maneno yaliyokosekana, juu ya mstari, kisha kuteremka pembeni mwa ukurasa kwa kukosa nafasi. Mtu yule wa pili hakuikwangua kazi ya wa kwanza ili ukurasa uwe safi. Aliyeona kosa aliliacha lionekane kuwa ni kosa, akaweka sahihisho lionekane kuwa ni sahihisho. Tena jambo lenyewe halijaisha: tafsiri ya kale ya Kiyunani nayo haina maneno yale, na kwa hiyo wako waulizao kama hayakuongezwa baadaye. Ukurasa unaweza kuchunguzwa leo kwa sababu mtu wa pili hakuficha chochote.

Sasa turudi kwenye nuru. Biblia ya Kiebrania ya hati za baadaye haina neno hilo katika sura ya 53. Yasema Mtumishi ataona, bila kutaja atakachoona. Mtakatifu Yeronimo, aliyefasiri kutoka Kiebrania kwenda Kilatini akiwa Betlehemu karibu na mwaka 400, naye hana neno hilo. Maana yake lilikuwa limekwisha kukosekana katika Kiebrania alichokitumia. Wafasiri wa Kiswahili wa mwaka 1952 walifuata Kiebrania hicho, na ili sentensi isibaki nusu, wakaeleza kwa neno mazao. Hawakuwa waongo. Walifasiri walichokuwa nacho.

Lakini Wayahudi wa Misri, waliofasiri Maandiko kwa Kiyunani kabla ya Kristu, waliandika nuru. Wanafunzi wa baadaye waliweza kusema: labda hao waliliongeza wenyewe, ili sentensi ipendeze. Ndipo gombo likatoka pangoni, na neno la Kiebrania lenye maana ya nuru limo. Limo pia katika vipande vya magombo mengine mawili ya Isaya ya Qumran. Herufi zake zafanana na za neno ataona lililotangulia, na huenda ndiyo sababu jicho la mnakili mmoja liliruka hapo. Wapo wataalamu ambao bado hawakubali. Hata hivyo wengi wamekubali, na Biblia ya Yeruzalemu ya Kifaransa, iliyotolewa na wanazuoni wa shule ya Wadominiko ya Yeruzalemu, imeandika nuru.

Wazee wa Kinande watalielewa jambo hili upesi wakikumbuka habari za posa. Baba amtumapo mshenga kupeleka neno la mbuzi wa mahari, yule apokeaye hatazamii kusikia sauti ya baba mwenyewe. Ataka kujua kama mshenga hakuongeza wala hakupunguza. Naye hupimaje? Wakija washenga wawili, kwa njia mbili, bila kukutana, na wote wawili wakasema mbuzi kumi na wawili, neno limesimama. Mshenga wa Kiyunani alipita Misri. Mshenga wa ngozi alilala pangoni. Hawakupata kushauriana.

Hapa yapo mafundisho makubwa kwa wale wadharauo tafsiri, wakisema kwamba asiyejua Kiebrania hana Neno la Mungu ila ana maoni ya watu. Katika neno hili tafsiri ilitunza kile ambacho nakala za lugha ya asili zilikipoteza. Na yuko Mwafrika aliyesoma tafsiri hiyo kabla ya sisi sote. Matendo ya Mitume, sura ya 8, yasimulia habari za mkuu Mwethiopia, mtunza hazina wa malkia wake, aliyekuwa akisafiri garini katika njia ya Gaza, akisoma kitabu cha Isaya. Alikuwa akisoma sura hii hii, ya 53. Maneno aliyonukuu Mtakatifu Luka yafuata Kiyunani. Filipo alipomkaribia alimsikia anasoma, akamwuliza kama anaelewa. Hakumwambia ashuke garini, arudi Yeruzalemu, ajifunze Kiebrania kwanza. Alianza pale pale, kwenye andiko lililokuwa mikononi mwake, akamhubiri Yezu. Na walipofika penye maji, akambatiza.

Hata hivyo Mwethiopia hakujidai. Aliungama kwamba hawezi kuelewa bila mtu wa kumwongoza. Kijana wa Graben afaa kulikumbuka hilo. Ni jambo jema kwamba tangu mwaka 2011 picha za gombo la Isaya zaweza kuonwa na mtu aliyeketi Butembo. Na kwamba mwaka 1999 wataalamu watatu, Martin Abegg, Peter Flint na Eugene Ulrich, walitoa kwa Kiingereza Biblia iliyofasiriwa kutoka magombo hayo. Lakini Kiingereza si Kiebrania. Asomaye tafsiri ya Kiingereza ya gombo hajalisoma gombo. Amemsikiliza mtu aliyelisoma. Naye akiigeuza kwa Kiswahili mbele ya wenzake, wao wamesikia habari ya tatu. Si dhambi, mradi aseme hivyo. Dhambi ni kuinua simu juu na kusema: mimi nimeona asili, ninyi mmedanganywa. Tena hata yule ajuaye Kiebrania alifundishwa maana ya kila neno na mwalimu, naye mwalimu na mwalimu wake. Hakuna asomaye Maandiko peke yake.

Limebaki swali la mjane, nalo ndilo lililomnyima mwalimu usingizi.

Kwani alitaka sana kumwambia: ndiyo, mama, aliona nuru. Alitamani kulisoma neno hilo Ijumaa Kuu mbele ya watu wote, kana kwamba limo katika kitabu alichokishika. Nani angejua? Wengi wa wasikilizaji wake hawasomi. Kila Jumapili yeye mwenyewe huwageuzia wazee Kiswahili kuwa Kinande, na ulimi wake ndio kitabu chao. Mtu mwenye madaraka hayo aweza kuwapa watu maneno matamu kila juma mpaka kufa kwake, bila kukamatwa.

Lipo jambo lililotukia Afrika ya Kaskazini, ambalo Mtakatifu Augustino alimwandikia Mtakatifu Yeronimo mwaka 403. Katika mji wa Oea, ambao leo ni Tripoli ya Libya, askofu alisoma kanisani kitabu cha Yona katika tafsiri mpya ya Yeronimo. Ule mmea uliomtilia nabii kivuli, ambao watu tangu utoto waliuita mmumunye, ukaitwa kwa jina la mmea mwingine utambaao. Kanisa zima likapiga kelele. Askofu akawaendea Wayahudi wa mji kuwauliza, nao wakalitetea neno la zamani. Akalirudisha, ili asibaki bila waumini. Wengi huwacheka watu wa Oea. Lakini walikuwa na haki ya kuuliza mbona neno limebadilika bila wao kuelezwa. Kosa lao ni kwamba walilipima kwa masikio: tumelizoea, basi ni kweli. Mwalimu wa Butembo alikuwa karibu kulipima lake kwa moyo: linafariji, basi ni kweli. Vipimo hivi viwili ni ndugu. Neno litupendezalo ndilo litakalo mashahidi zaidi, kwa kuwa hakuna mtu ndani yetu atakayelipinga.

Kanisa lenyewe liliifuata njia ya mashahidi. Papa Pius wa 12, katika barua yake ya tarehe 30 Septemba 1943, aliwahimiza wanazuoni wazirudie lugha za asili. Mtaguso wa pili wa Vatikani, tarehe 18 Novemba 1965, ulitaka tafsiri zifanywe hasa kutoka maandiko ya asili. Hawakuogopa kwamba imani itavunjika herufi zikichunguzwa. Kwa zaidi ya miaka 1,000 Wakristu wa Kilatini walisoma sura hii bila neno nuru, wala hawakudhani kwamba Mtumishi aliachwa gizani, kwa maana sura nzima yampeleka hata ng'ambo ya kaburi na kumpa fungu pamoja na wakuu. Neno moja si kitu kidogo. Lakini tumaini halikutundikwa juu ya neno hilo peke yake, kama koti juu ya msumari.

Jumamosi iliyofuata mwalimu alirudi na vitabu vyake viwili. Kijana alikuwapo, na simu. Mwalimu akawaambia kwamba Ijumaa Kuu atasoma kile kilichoandikwa katika kitabu, bila kuongeza. Kisha, katika maelezo, atawaambia kwamba hati za kale zaidi na Kiyunani zataja nuru, na kwamba yeye mwenyewe aona kuwa zina haki. Mzee akapendekeza neno mazao lifutwe kwa kalamu, liandikwe nuru, mambo yaishe. Mwalimu akakataa. Akachukua kalamu ya risasi, akaandika nuru pembeni mwa ukurasa, na chini yake: gombo la Qumran, na Kiyunani.

"Kumbe hakuna mwongo," mzee akasema, na kwa sauti yake alionekana kana kwamba amekosa kitu.

Kisha mwalimu akamgeukia mjane. "Mama, uliniuliza. Mashahidi wa kale kuliko wote wasema aliona nuru. Nami naamini hivyo. Lakini sikuamini kwa sababu uliniuliza wewe. Nilitaka ulijue hilo."

Mama akanyamaza kidogo. "Na yale maneno yaliyotangulia," akauliza, "ya kupigwa kwake na kuchukuliwa kwake, hayo vitabu vyapatana?"

"Vyapatana, mama. Kiebrania, Kiyunani, gombo, vyote vyasema aliteswa."

"Hayo nayajua," akasema. "Soma tena, Mwalimu. Tangu mwanzo."

Mwalimu akafungua mwisho wa sura ya 52, mahali habari ile ianziapo, akasoma.